Jenerali Aliyetoka Bungeni

Msikilizaji, wanasiasa waliopewa ujenerali katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hudharauliwa, na ushahidi upo: Nathaniel Banks, aliyewahi kuwa Spika, alishindwa vibaya kwenye kampeni ya Mto Red mwaka 1864. Lakini John Logan wa Illinois anavuruga hesabu hiyo. Mdemokrati huyu, aliyepigania sheria ya 1853 ya kuwazuia watu weusi kuhamia jimboni mwake, alikusanya kikosi kusini mwa Illinois, eneo ambalo watu wake wengi walikuwa na jamaa upande wa waasi wa Kusini, kisha akaacha ubunge. Ushawishi wa Logan kwa watu wa huko, Rais Lincoln asingeupata kwa cheti cha chuo cha kijeshi.

Na vitani hakuwa pambo. Kamanda wake, Jenerali McPherson, alipouawa karibu na Atlanta, Julai 22, 1864, Logan alishika jeshi lake palepale na kuzuia mashambulizi. Hata hivyo, Jenerali Sherman, mkuu wa kampeni hiyo, alimpa ukamanda Jenerali Howard, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point. Watetezi wa Sherman husema Logan alipenda majukwaa kuliko kazi ngumu ya ugavi. Kweli, mwaka huohuo alikwenda nyumbani kumpigia Lincoln kampeni. Lakini Lincoln angeshindwa uchaguzi ule, Atlanta iliyotekwa ingekuwa na faida gani?