Nisba na Udugu

Katika mabonde ya Dima wa Tayyin, kama ilivyo Ibra jirani, mtu akijitambulisha husubiriwa neno la mwisho: nisba. Al-Harthi na al-Barwani, majina ya Ibra, yalivuka bahari hadi Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wengi wa wenye majina hayo walirejea Oman na Kiswahili kinywani.

Nisba humtaja baba wa baba. Haimtaji bibi aliyezaliwa Pemba au Umanyema, ingawa ndiye aliyerithisha lugha. Wala haisemi kwamba wengine waliipata kwa kumilikiwa, si kwa damu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Oman mwaka 1970. Walioachwa huru mara nyingi walibaki na jina la bwana.

Je, jina hilo ni la uongo? Sura ya al-Ahzab, aya ya 5, yaamuru watu waitwe kwa baba zao. Na ambao baba zao hawajulikani, hao ni ndugu katika dini. Aibu, basi, haimo katika kubeba nisba ya kupewa. Imo katika kuitumia nisba ya kurithi kuukana udugu huo, posa inapobisha hodi na kurudishwa kwa hoja ya asili.