Inatosha Mufalme Awe na Roho Nzuri?

Wanafunzi wetu wa sekondari wakifika kwenye somo la Mapinduzi ya Ufaransa, hawaulizi kwanza juu ya kodi wala juu ya bunge. Wanauliza: yule malkia alisema kweli kwamba wenye njaa wakule mikate ya sukari? Na mufalme, juu ya nini walimukata kichwa, alikuwa mutu mubaya? Tusiwacheke. Watu wazima wenye diploma wanauliza vilevile. Kuna wapenzi wa wafalme wa Ulaya wa karne ya 18, kule kwao na hata hapa kwetu kati ya walimu na wasomaji wa vitabu, wanaobishana juu ya Louis XVI, Marie-Antoinette, Frederick II wa Prussia na Catherine II wa Urusi kama vile watu wa Mazembe wanabishana na watu wa Lupopo. Mumoja anamutetea malkia wake, mwengine anamuchafua. Kila mutu iko na wake.

Sisi pia tunapenda mabishano hayo. Lakini ndani yake kuna swali la maadili ambalo watu wanalipita bila kulisalimia. Tukimuhukumu mufalme, tunahukumu nini? Moyo wake, ao kazi yake?

Tuanze na Marie-Antoinette, maana yeye ndiye anasumbuliwa zaidi. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1755, mutoto wa 15 kati ya watoto 16 wa Maria Theresa wa Austria. Mwaka wa 1770, akiwa na miaka 14, alitolewa kama bibi-arusi kwa Ufaransa, kusudi falme mbili zilizokuwa na uadui wa siku nyingi zishikamane. Mambo ya serkali yaliyofungwa kwa ndoa ya mutoto. Neno la mikate linapatikana katika kitabu cha Rousseau ambacho aliandika katika miaka ya 1760, naye anasema tu ni binti wa mufalme fulani, hataji jina. Wakati ule Marie-Antoinette alikuwa bado mutoto kwao Vienna. Kumbe neno lililomufanya ajulikane dunia nzima si lake!

Kisha kuna hadisi ya mukufu wa almasi. Katika mwaka wa 1785 ilijulikana kwamba mwanamuke mumoja, Jeanne de La Motte, alikuwa amemudanganya kardinali de Rohan eti malkia anautaka kwa siri mukufu wa livre 1.600.000. Kardinali akauchukua kwa deni, mukufu ukavunjwa, almasi zikauzwa moja-moja. Malkia hakuuagiza wala hakuupata. Lakini tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka wa 1786, wakati mahakama ya Paris ilimuachilia kardinali, watu walishangilia, na aibu ikabaki juu ya malkia. Juu ya nini? Juu watu waliona iko mutu wa kufanya jambo kama lile. Alikuwa amecheza karata kwa feza nyingi, amependelea rafiki zake, amejijengea kijiji kizuri karibu na Versailles, chenye ng'ombe na kinu, pahali pa kujiburudisha wakati wakulima wa kweli walikuwa wanalia. Hatumufanyi mutakatifu. Tunasema tu kwamba alihukumiwa kwa kitu ambacho hakufanya.

Na mwisho wake ulikuwa vilevile. Mbele ya mahakama ya Mapinduzi, mwezi wa 10 mwaka wa 1793, Hébert alisimama akamushitaki kwamba alimufanyia machafu mutoto wake mwenyewe, kijana wa miaka 8. Mama yule alinyamaza. Walipomulazimisha ajibu, aliwageukia wamama wote waliokuwa ndani ya nyumba, awaachie wao wahukumu. Siku mbili nyuma yake walimukata kichwa. Sasa musomaji asikie jambo lenye kutushangaza zaidi: kosa la kweli lilikuwako. Mwezi wa 3 mwaka wa 1792, wakati vita na Austria ilikuwa inakaribia, alikuwa ameandika barua kuwapasha watu wa Austria mupango wa majeshi ya Ufaransa. Wale waliomuhukumu hawakuwa na barua hiyo mukononi. Walijaza mashitaka kwa uchafu wa kutunga, na jambo ambalo lingewaua askari wa Ufaransa kwa maelfu lilikuwa linalala ndani ya sanduku la karatasi.

Wapenzi wake wanajibu: alikuwa mama, alitaka kuokoa watoto wake, angefanya nini? Tunaitika kwamba alikuwa mama. Lakini wale askari pia walikuwa na mama zao, na katika mabishano hakuna anayewataja.

Mume wake anatupa shida zaidi, maana kwa kweli alikuwa mutu mupole. Alipanda kiti mwaka wa 1774 akiwa na miaka 19. Alipenda kuwinda na kutengeneza makufuli. Watu wanamucheka juu ya kitabu chake cha kila siku, ambamo tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka wa 1789, siku ya kuanguka kwa Bastille, aliandika tu «hakuna kitu». Lakini kile kilikuwa kwanza kitabu cha mawindo: siku ile hakuua nyama. Tuwe wa haki kwake. Alifuta mateso ya kuwalazimisha washitakiwa kuungama, hatua ya kwanza katika 1780, hatua ya pili katika 1788. Katika 1787 aliwapa Waprotestanti haki ya kuandikisha ndoa na watoto wao. Wafalme wangapi walifanya hivyo bila kusukumwa?

Kisha tuangalie hesabu. Katika mwaka wa 1788, karibu nusu ya matumizi yote ya serkali ilikwenda kulipa madeni, na sehemu kubwa ya madeni ilitoka kwa vita, zaidi sana vita ya Amerika ambayo Louis aliingia kusudi aiumize Uingereza. Nyumba ya kifalme, pamoja na nguo na karamu zote, ilikula karibu 6% tu. Kwa hiyo kanzu za malkia hazikuangusha serkali. Lakini kanzu inaonekana kwa macho, na faida ya deni haionekani. Mutu mwenye njaa atakumbuka kanzu. Hatumulaumu mwenye njaa. Tunawalaumu kidogo wale wenye kushiba, wenye vitabu, ambao miaka zaidi ya 200 nyuma bado wanabishana juu ya kanzu.

Wakati wa kumuhukumu Louis, kijana wa miaka 25, Saint-Just, alisema jambo ambalo wanafunzi wetu wanalipenda mara moja. Kwake hakukuwa haja ya kuuliza kama mufalme alifanya hiki ao kile. Kutawala kwenyewe ni zambi, hakuna anayeweza kuwa mufalme na kubaki bila kosa. Thomas Paine, adui mukubwa wa ufalme, alikuwa katika bunge lile pia. Yeye aliomba wamuachie Louis uzima na wamupeleke Amerika. Munaona ginsi gani watu wawili wanaosikilizana juu ya ufalme wanaweza kuachana juu ya mutu. Sisi tunasimama na Paine. Kiti kikiwa kibaya, kivunjwe. Yule aliyezaliwa juu yake hakukichonga. Tena, kati ya wale waliopiga kura ya kifo alikuwako ndugu wa ukoo wa mufalme mwenyewe, Philippe Égalité, na yeye pia alikatwa kichwa mwezi wa 11 mwaka wa 1793. Kura yake haikumuokoa.

Juu ya wengine tutasema kwa ufupi. Wapenzi wa Catherine II wanaweza kubishana usiku muzima juu ya wanaume wake. Wanajua pia kwamba katika 1765 alinunua vitabu vyote vya Diderot na kumuachia avitumie, tendo la roho nzuri kabisa. Lakini katika 1767 amri yake ilikataza wakulima watumwa wa Urusi kumushitakia malkia mabwana wao, na wale wapenzi wake aliwapa zawadi ya mashamba pamoja na watu wa ndani, kwa maelfu. Frederick naye, mupiga filimbi na rafiki wa wenye akili, aliandika kitabu cha kumupinga Machiavelli, kikatoka katika mwaka wa 1740. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule aliingiza majeshi yake katika Silesia ya Maria Theresa. Wino ulikuwa bado haujakauka.

Musidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Hadisi ya ufalme wa Waluba inaanza kwa mabishano ya namna hiyohiyo: Nkongolo mukali asiye na adabu, na Mbidi Kiluwe mugeni mwenye adabu, baba ya Kalala Ilunga. Ni hadisi ya tabia. Lakini wazee hawakusimama pale. Walikuwa na chama cha Mbudye, wenye kusoma lukasa, kile kibao cha shanga chenye kushika kumbukumbu ya ufalme na masharti yake, na chama hicho kilikuwa na nguvu ya kumuzuia mufalme akipita mupaka. Hadisi ya roho ilikuwa na pahali pake, sheria ya kiti pahali pake.

Sasa tufike pahali ambapo habari hii ya Versailles inatugusa sisi wenyewe. Utajiri mukubwa wa Ufaransa ya Louis XVI ulitoka katika kisiwa, upande wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Katika 1789 kulikuwa kule karibu watumwa 500.000, wakilima sukari na kahawa, na sehemu kubwa ya wale waliozaliwa Afrika walitoka pwani ya Loango na inchi ya Kongo. Katika 1784 serkali ya yule mufalme mupole iliamua kuwalipa zawadi wenye mashua za biashara ya watumwa, kusudi wapeleke watu wengi zaidi. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule, amri ingine ikawakataza mabwana kumupiga mutumwa kupita fimbo 50. Sisi Wakongomani tunajua fimbo zinahesabiwa namna gani. Hizo amri mbili zilitoka katika serkali moja, na hatuna sababu ya kusema kwamba ile ya fimbo ilikuwa unafiki. Pengine Louis alihuzunika kweli. Mashua zilikuwa zinaendelea kuondoka.

Na watumwa wenyewe? Wengine walimupenda! Mwezi wa 8 mwaka wa 1791, wakati uasi ulianza, habari ilizunguka kwamba mufalme amewapa siku tatu kwa juma za kujifanyia kazi, na kwamba ni mabwana tu wanaoficha amri. Amri ile haikuwako. Lakini watu walipigana kwa jina lake. Musomaji anaweza kusema walidanganywa. Sisi tunaona pia kitu kingine: mufalme wa mbali, anayewaziwa kuwa mwema, aliwapa neno la kumukatala bwana aliye karibu.

Kati yao alikuwa Macaya, mutu wa Kongo. Katikati ya mwaka wa 1793, wakati Louis alikuwa amekwisha kufa tangu mwezi wa kwanza, wajumbe wa Jamhuri walitafuta kumuvuta upande wao. Aliwajibu kwamba yeye ni mutu wa wafalme watatu: wa Kongo, wa Ufaransa na wa Hispania. Wafransa walicheka ujinga wa mushenzi. Hata hivyo Macaya alijua wafalme kuliko wengi wa wale waliomucheka. Katika karne ile Kongo ilipasuliwa na vita vya wenye kugombania kiti, na mateka wa vita vile waliuzwa pwani. Mufalme wa kwanza kati ya wale watatu alikuwa na mukono katika kujaza mashua. Wa pili aliwalipa wenye mashua. Macaya aliwataja wote wawili kama wake, na jina la Macaya hatujalisikia hata mara moja kwa wapenzi wa Versailles, wakati wanabishana nani alikuwa na roho nzuri.