Hamna, au Havijaonekana?

Mgonjwa akipimwa malaria kwa hadubini na asikutwe na kitu, mtu wa maabara makini hamwandikii kwamba hana malaria. Anaandika kwamba vimelea havijaonekana. Unaweza kuichukulia kama lugha ya kiofisi tu, ya kujikinga na lawama. Mimi niko Babati kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili, na asubuhi nyingi nakaa pembeni ya mtu wa maabara katika kituo kimoja cha afya. Swali ninalotoka nalo kila siku ni hili: anayesema "sijaona" anapaswa kuwa ametazama kiasi gani ili asiwe mwongo?

Sehemu ya jibu imo ndani ya chombo chenyewe. Mwanga unatoka chini, kwenye taa, au kwenye kioo kinachonasa mwanga wa dirishani umeme ukikatika. Kondensa inaukusanya, dayaframu inapunguza upana wake, unapita kwenye slaidi iliyobanwa juu ya jukwaa, unaingia lenzi ya chini, kisha ya jicho. Lenzi ya jicho inakuza mara 10, ya chini mara 100. Jumla mara 1,000. Hiyo ya 100 haifanyi kazi vizuri bila tone la mafuta kati yake na slaidi. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na mwingi hupotea pembeni. Mafuta hayo yanaupindisha karibu sawa na kioo, kwa hiyo unafika. Kukuza bila mwanga huo ni kupata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba lenzi hata iwe nzuri vipi ina kikomo, na kwa mwanga wa kawaida kikomo hicho ni kama mikromita 0.2. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 hivi, na kimelea ndani yake kinaonekana vizuri kama pete iliyopakwa rangi.

Kwa hiyo hadubini haina kosa. Shida ni kwamba inakuonyesha kidogo mno kwa wakati mmoja. Kile kiduara cha mwanga wanakiita fildi, na kanuni ni kutazama fildi zisizopungua 100 za slaidi nene kabla ya kusema hukuona. Fildi 100 zina takriban robo ya mikrolita ya damu. Mtoto wa kilo 15 ana zaidi ya lita moja, yaani mikrolita zaidi ya milioni moja.

Sasa mama ametoka Dareda na mtoto ana homa. "Daktari, kwa hiyo hana malaria?" (Maabara kila mtu ni daktari.) "Mama, havijaonekana." "Nimesikia. Nauliza, hana?" Anachotaka ni uamuzi: dawa gani, nauli ya kurudi lini. Naona ana haki ya kukasirika. Lakini "hana" ni neno ambalo robo ya mikrolita haiwezi kulibeba.

Tuseme slaidi moja inahitaji dakika nane. Wagonjwa thelathini ni saa nne bila kuinua kichwa, na mtaalamu ni mmoja. Akitazama fildi ishirini akaandika "havijaonekana", kila neno ni kweli. Hakuviona. Hata hivyo nasema amedanganya, kwa sababu anayesoma maneno hayo anaamini kuna fildi mia moja nyuma yake.

Na uongo wa namna hii haubaki maabara. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, 2,062 tu, asilimia 46, ndio walioonekana na vimelea. Wasio na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi, na wengi wao hawakupewa dawa za maambukizi ya bakteria. Madaktari wana sababu nyingi za kutibu hivyo. Mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba "havijaonekana" imeandikwa kirahisi mara nyingi mno hata imekosa thamani, ikiwemo siku ambayo mtu ametazama kweli.

Simlaumu mtaalamu peke yake. Aliyepanga mtu mmoja kwa wagonjwa thelathini ndiye ameamua idadi ya fildi, ingawa hajawahi kuinamia lenzi. Vipimo vya haraka vimepunguza foleni, ila slaidi bado inahitajika, hasa kuhesabu vimelea na kujua kama dawa inafanya kazi.

Nilipendekeza safu moja iongezwe kwenye daftari la majibu: fildi ngapi zimetazamwa. Mwenyeji wangu alicheka. "Dada, wote wataandika mia." Huenda. Lakini leo anayetazama ishirini hajaandika lolote la uongo, na msimamizi hana pa kumuulizia. Akishaandika mia, slaidi ile ile inaweza kutolewa kwenye boksi na mtu mwingine akakaa kuihesabu upya.