Mkanda wa Jeshi na Ushahidi wa Maumivu

Virusi vya tetekuwanga vikimwacha mtoto havimtoki mwilini. Hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ikidhoofika, kwa uzee, kwa saratani au kwa UKIMWI, huamka vikatandaza malengelenge upande mmoja wa mwili. Huo ndio mkanda wa jeshi. Malengelenge hukauka baada ya wiki chache, lakini maumivu yaweza kubaki miezi hata miaka, na mguso wa shuka ukawa kama mguso wa moto. Nani basi mwenye haki ya kuyahukumu maumivu ambayo jicho haliyaoni?

Tangu UKIMWI ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983, mkanda wa jeshi umesomwa na wengi kama hati ya hukumu. Katika nyumba za kupanga za Tandale na Mbagala, ambamo ukuta mmoja hutenga chumba na chumba, mgonjwa mwenye haya huuma kanga usiku ili kite chake kisimfikie jirani. Siku tatu za mwanzo, ambazo dawa ya asiklovia hufaa zaidi, humpotea katika kujificha.

Watu humlaumu wakisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Maradhi hayafichwi mahali yasipochekwa. Aliyefunga mlango amekosa. Aliyesimama nje akicheka amekosa zaidi.

Yaweza kujibiwa kuwa ishara haipasi kupuuzwa. Ni kweli, kupima damu ni busara, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Lakini ishara ni mwito wa kupima, si hukumu. Mkanda huohuo humfunga pia mzee asiye na virusi hivyo.

Dawa za kupunguza maumivu haya zipo: amitriptilini kwa kiasi kidogo, na mofini yakizidi ukali. Lakini hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha maumivu. Daktari hutegemea neno la mgonjwa, na asiyesadikiwa hukosa dawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo kumsadiki aumwaye si hisani inayoongezwa juu ya tiba. Ndiyo tiba ya kwanza, nayo jirani aweza kuitoa kabla ya daktari.