Matonge Matatu ya Mlenda

Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, watumishi walifunga mizigo, na pamoja na mizigo wakaja watoto. Mtoto aliyezaliwa Tabata, aliyezoea wali wa nazi, samaki wa kukaanga na maharage, alijikuta ana majirani ambao mboga yao ya kila siku ni mlenda, na ugali wao mara nyingi ni wa uwele au wa mtama. Watu wazima walizoeana kwa salamu, misiba na vikoba. Watoto walizoeana kwa rede na kombolela. Pagumu palibaki kwenye chakula, na kisa hiki cha Nkuhungu, Dodoma, kilianzia hapo.

Mama mwenyeji alikuwa Mgogo wa Mpwapwa. Binti yake wa darasa la kwanza alikuwa na rafiki, mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, na kutwa nzima walikuwa pamoja. Jioni moja giza liliingia na mama wa yule rafiki bado yuko kazini. Mama mwenyeji akasema mtoto ale hapo hapo; nani amrudishe mtoto wa mwenzake kwao na njaa? Ulikuwa moyo mwema kabisa. Naomba msomaji alishike hilo tangu mwanzo, kwa sababu wanaowaharibia watoto chakula mara chache sana huwa watu wabaya.

Mlenda wa siku hiyo haukuwa wa kununua sokoni. Bibi wa watoto aliuchuma mwenyewe wakati wa mvua, akaukausha juani, akautwanga, kisha akautuma kwa basi ukiwa umefungwa kwenye mfuko. Mama aliupika kama alivyofundishwa: maji yakachemka, magadi kidogo, nyanya, na mwishoni karanga zilizosagwa. Watoto wanne wakanawa na kukaa kwenye mkeka: binti wa nyumbani, kaka yake, rafiki yao mwingine wa mtaani, na mgeni.

Mgeni alimwona kaka akichovya tonge na kuliinua, na uzi mrefu wa mlenda ukalifuata mpaka mdomoni. Akaurudisha mkono wake mapajani.

"Mama, mimi nitakula ugali mtupu."

"Mtupu kwa nini, mwanangu? Mboga si hii hapa."

"Unavutika."

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka. Wagogo wametaniwa vya kutosha katika nchi hii, na mlenda umetaniwa pamoja nao. Kazini alishayasikia hayo na kuyanyamazia. Sasa aliona utani ule ule umemfuata mpaka kwenye mkeka wake, juu ya mboga iliyochumwa na mikono ya mama yake mzazi. Alisikia dharau. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mtoto wa miaka sita aliyeogopa kitu ambacho hajawahi kukiona.

"Hapa kwetu chakula hakichaguliwi," akasema. "Kula matonge matatu tu, halafu nitakupa soda."

La kwanza mtoto alilimeza bila kutafuna, macho yakamlenga machozi. La pili lilikaa mdomoni muda mrefu, na wenzake wakaacha kula ili wamtazame. La tatu lilipoingia, yote matatu yakatoka, mengine kwenye mkeka, mengine kwenye mkono wa kaka wa nyumba. Mama alimsafisha kwa upole, akambadilisha gauni, na soda akampa kama alivyoahidi. Mtoto hakuinywa. Kesho yake hakuja kucheza. Kesho kutwa pia hakuja, na mama yake walipokutana dukani alisema kwa adabu tu kwamba mtoto atakuwa anakula nyumbani.

Wengi wangesema mtoto alidekezwa. Sikubali. Kati ya miaka miwili na sita hivi watoto wengi hupita kipindi cha kukiogopa chakula kigeni, hata waliokuwa wakila kila kitu walipokuwa wadogo zaidi. Chakula kichungu na chakula cha utelezi ndivyo huonekana vya hatari zaidi, na ulimi wa mtoto huhisi uchungu kwa ukali kuliko wa mtu mzima. Kipindi hicho hupita, lakini hakipiti kwa amri. Mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara nyingi, mara 8, 10, hata 15, bila kusukumwa, kabla hajakizoea. Mama yule alitaka safari yote hiyo iishe kwa matonge matatu, katika jioni moja, mbele ya mashahidi.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza kula. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wadogo waliopewa supu. Waliohimizwa waimalize walikula kidogo kuliko walipoachwa wenyewe, tena waliisema vibaya mara nyingi zaidi. Katika kazi zake za awali alionyesha pia kwamba chakula ambacho mtoto anakila ili apewe zawadi hukipenda pungufu baadaye. Soda ya mama yule ilimwambia mtoto jambo moja: mlenda ni mbaya kiasi kwamba mtu hulipwa ili aule.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1980 Birch huyo huyo alichapisha jaribio la kukalisha mtoto mmoja na wenzake wanaopenda mboga asiyoipenda yeye. Hakuna aliyemwambia kitu. Baada ya siku chache za kula pamoja, mtoto alianza kuichagua mboga ya wenzake. Watu wetu waliotandika mkeka na kuweka bakuli moja katikati hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Mama yule alikuwa na walimu watatu wa mlenda wamekaa tayari, wanakula kwa furaha, na kila tonge lao lilikuwa somo. Aliwasimamisha kazi akachukua zamu yeye. Angesema tu, "Haya, kula ugali wako, na maziwa ya mgando haya hapa," mgeni angeshiba, na macho yake yangeendelea kutazama.

Watoto hutazamana pande zote mbili. Wiki hazikupita nyingi, binti wa nyumbani, aliyekula mlenda tangu alipoota meno, akasukuma bakuli. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amemwona rafiki yake mpenzi akilia na kutapika, kisha amempoteza, na kichwani mwake mambo hayo mawili yalikuwa yameshikamana na mboga ile. Mama alipandisha sauti. Binti akafunga mdomo. Mama akaahidi soda. Binti akaomba soda kwanza.

Bibi alipokuja kutoka Mpwapwa na mfuko mwingine, alikuta mjukuu wake anakula ugali kwa chumvi. Aliuliza, akaelezwa yote bila kufichwa, akanyamaza kidogo. "Sisi mlenda hatukulazimishwa," akasema. "Tulizaliwa tukaukuta upo, tukawakuta watu wanaula." Kisha akaomba mambo machache: upikwe kama kawaida na kuwekwa katikati, na mtu yeyote asimtaje mtoto. Awe na mboga nyingine moja anayoijua, ili asilale na njaa. Mengine aachiwe.

Nasisitiza mboga moja anayoijua, kwa sababu kuna wenyeji wanaokimbilia upande wa pili kabisa. Mgeni akikunja uso tu, mama anatuma chipsi na soseji, na watoto wa nyumbani wanajifunza jioni hiyo kwamba chakula chao ni cha watu wasio na hela. Haihitajiki. Katika chakula cha jioni cha kawaida huwa pana kitu ambacho karibu kila mtoto wa nchi hii anakijua: wali, ugali, maharage, maziwa, ndizi, yai. Kikiwapo kimoja, mwenyeji amemaliza kazi yake. Kula au kutokula, na kiasi gani, ni shauri la tumbo la mtoto.

Mama alichelewa sana kwenda kwa jirani yake, mama wa yule mgeni, lakini alikwenda. Alimweleza matonge matatu, soda, na maneno aliyoyasema. Jirani alikuwa anajua kutapika tu. Mtoto hakuwa amesema zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Jirani, huyu hata bamia zangu hagusi. Ungeniuliza tu."

Bamia na mlenda hufanana utelezi, na baadhi ya mimea inayopikwa mlenda ni ya ukoo mmoja na bamia, kwa hiyo swali moja lingetosha. Na lilikuwa swali la maana kuliko wote wawili walivyodhani, maana mlenda ule ulikuwa na karanga, na wapo watoto ambao karanga kidogo tu huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Mtoto kama huyo anaweza kukataa chakula bila kujua kueleza kwa nini, au kwa kusema tu kwamba kinamwasha, na mwenyeji akadhani anadeka. Yupo ambaye maziwa au samaki havipatani naye, na yupo ambaye kwao nyama ya nguruwe ni haramu, naye anaona aibu kulisema mbele ya wenzake.

Siku hizi mama huuliza kabla. Mtoto wa mtu akibaki mpaka jioni, humwandikia mzazi ujumbe kwenye simu: leo tuna hiki na hiki, kina karanga, kuna asichokula? Jibu huja kabla maji ya ugali hayajachemka.