Setilaiti Haikujui

Wengi wetu tunaamini kuna jicho huko juu linalotuona. Simu iko mfukoni, setilaiti ziko angani, kwa hivyo tukipatwa na shida mtu atajua tulipo. Lakini setilaiti za GPS hazikuoni. Ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, na zinachotangaza ni saa na mahali zilipo, basi. Simu yako ndiyo inayosikiliza angalau nne, inapima muda ambao mawimbi yamechukua kufika, kisha inapiga hesabu na kujua iko wapi. Jibu linabaki humo simuni. Lazima litumwe kwa mtu, na lazima mtu huyo aje.

Tena mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu sana. Ukiwa Uhuru Park, chini ya anga wazi, hakuna neno. Ukiwa kwenye chumba cha ndani, ghorofa ya sita kule Pipeline, Embakasi, ambako ploti zimebanana hadi unawasha stima mchana, kuta huyazuia au hugonga jengo la jirani kabla ya kukufikia. Simu inaweza kudhani uko ng'ambo ya barabara. Mnara wa mtandao nao ukiwa peke yake unaonyesha eneo tu, na eneo moja la Pipeline lina maelfu ya milango.

Wengine wamejaribu kuziba pengo hilo. Uingereza ilianza mwaka 2014 kutumia mfumo uitwao AML: ukipiga simu ya dharura, simu yenyewe inawasha GPS na waifai, halafu inatuma ujumbe kimyakimya kueleza ulipo. Kanuni za Marekani zinataka hata kimo cha mpigaji kikadiriwe, kwa tofauti isiyozidi mita 3, kwa asilimia 80 ya simu zenye uwezo huo. Mita 3 ni kama ghorofa moja. Na hata ghorofa ikipatikana, bado mlango haujajulikana.

Hapo swali linaacha kuwa la mafundi peke yao. Wengi tulikuja mjini, pamoja na mambo mengine, ili tusijulikane. Ushago kila mtu anajua umerudi saa ngapi na umeletwa na nani. Hapa unaweza kumaliza mwaka bila kujua jina la mtu mnayegawana naye ukuta. Huo ni uhuru na siudharau. Msichana anayeishi peke yake ana sababu nzuri ya kutotaka mlango wake ujulikane na kila mtu. Lakini uhuru huo una bei, na tumeiachia simu iilipe. Mtu wa boda anayeleta chipsi tunamtumia lokesheni bila kufikiri mara mbili. Jirani hatumpi hata jina.

Utasema hiyo ni kazi ya serikali, kodi tunalipa. Kweli, na ujirani usiwe kisingizio cha kukosa ambulensi. Ila tuseme imekuja, tena haraka. Geti limefungwa kufuli tangu saa tano usiku. Nani atashuka na tochi aseme, "Ni hapa, mlango wa tatu kushoto"?

Angalia tunavyoelekezana kila siku: shuka steji, pita kando ya kinyozi, ukiona geti la bluu muulize mama mboga. Maelekezo yetu huishia kwa mtu, na kwa watu wanaoishi mahali pasipo na namba ya nyumba, huyo mtu ndiye anwani.

Kwa hivyo nadhani kuna kitu tunadaiana. Si urafiki, wala ruhusa ya kuchungulia maisha ya mwenzako. Ni watu wawili tu kwenye ploti, uliowachagua mwenyewe, wanaojua jina lako na mlango wako, na wewe ujue wao. Huwezi kutaka usijulikane na yeyote, kisha usiku wa dharura utarajie kutafutwa.

Aliye upande wa pili wa ukuta wako anaitwa nani?