Kokwa la Kola na Haki ya Mwili

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kabambare hadi Kasongo na kushuka ukingoni mwa mto Lualaba pale Nyangwe, Uislamu na kola vimekaa pamoja bila ugomvi. Nyangwe ilikuwa soko na kituo cha wafanyabiashara wa pwani tangu miaka ya 1860. Ilipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Dhanis mwezi Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata, utawala wa wafanyabiashara ulianguka lakini dini ilibaki. Kola ni mti wa misitu ya Kongo, na makokwa yake, ambayo Wakongo wengi huyaita makasu, hutafunwa na mlinzi wa usiku, msukuma baiskeli ya mizigo, mchimba dhahabu, na hata mtu akeshaye kwenye maulidi. Muumini akiuliza kama ni halali, jibu lililo tayari ni fupi: hailevi, basi ni halali. Jibu hilo ni sahihi kwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo nzito zaidi. Sheria haiishii kuuliza kitu kinaifanya nini akili. Huuliza pia kinaufanya nini mwili, kwa kiasi gani, na kwa faida ya nani.

Tuanze na nusu iliyo sahihi. Kileo kimeharamishwa kwa sababu huondoa akili, na kola haiondoi akili, huichangamsha. Ndiyo maana Waislamu wa Afrika Magharibi waliipokea kwa moyo mkunjufu, wakaigawa kwenye posa, mazishi na mapatano. Kahawa ilipita njia ngumu zaidi. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili waweze kukesha katika dhikiri, lakini mwaka 1511 muhtasibu wa Makka, yaani msimamizi wa masoko, Kha'ir Beg, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, akaipiga marufuku. Katazo hilo halikudumu, na wengi waliona kwa macho yao kwamba mnywaji hatoki barazani akipepesuka. Tiba za wazee wetu zinaelekea upande huo huo: kola hupunguza njaa na uchovu safarini, na uchungu wake huaminiwa kutuliza tumbo. Kuiweka kundi moja na pombe ni kuidhulumu.

Lakini kisicholevya si lazima kiwe kisichodhuru. Kokwa la kola likikauka, takriban asilimia 2 ya uzito wake ni kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa na chai. Mtu anapokaa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, inayouambia mwili kwamba muda wa kupumzika umefika. Kafeini hukalia nafasi ya kemikali hiyo, ujumbe usipokelewe. Uchovu haujaondoka, ila mwenyewe hausikii. Kwa hiyo kola haimpi mtu nguvu mpya. Humkopesha nguvu za kesho, na deni hulipwa kwa usingizi uliovurugika, moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda na kiungulia. Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito anayepata zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Na mtu anayemeza ciprofloxacin, dawa inayotumiwa sana kwa maambukizi ya matumbo na ya njia ya mkojo, hubaki na kafeini mwilini kwa muda mrefu zaidi, maana dawa hiyo huchelewesha kuondolewa kwake. Kokwa halikuandikwa kipimo. Kipimo lazima kiwe katika elimu ya mtafunaji.

Hapa huja pingamizi la kwanza: babu zetu walitafuna kola maisha yao yote na hawakufa kwa kola. Ushahidi huo una thamani, ila una mpaka wake. Mapokeo hugundua upesi sumu inayoua siku hiyo hiyo, lakini ni vigumu kwao kuiona inayoua baada ya miaka 30, wakati sababu zimekwisha changanyika. Ahmad Baba wa Timbuktu, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa zama zake, aliandika mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba tumbaku ni halali. Hakukosa akili wala uchamungu. Alikosa ushahidi juu ya saratani ya mapafu, ambao ulianza kuthibitika mwaka 1950. Tena babu alikata kipande, akagawana na wageni wake. Hakukichanganya na kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na vidonge vya sokoni. Anayetaka kumtumia babu kama ushahidi, afuate na utaratibu wake. Hata historia ya Nyangwe yenyewe inalo funzo la kipimo. Mwaka 1882 wasafiri wa Kijerumani Pogge na Wissmann walifika hapo wakifuatana na Bashilange, watu wa chifu Mukenge kutoka eneo la Lulua, waliokuwa wameacha hirizi zao na kuifanya bangi kifungo cha undugu wao. Jani lile lile walilovuta pamoja kwa amani, mkosaji alilazimishwa kulivuta mpaka azirai. Kati ya baraka na adhabu, kilichobadilika ni kiasi.

Pingamizi la pili ni la ibada: je, si jambo jema kutafuna kola ili kukesha kwa ajili ya Mungu? Nia njema haikataliwi, na masufi wa Yemen ni hoja nzuri. Hata hivyo, mafundisho ya Mtume yanamtaka mtu anayezidiwa na usingizi ndani ya sala akalale kwanza, na yanasema kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Basi kipande cha kola usiku wa maulidi ni ruhusa, na anayeshindwa kukesha bila kola hana dhambi akienda zake kulala.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mchimbaji wa Salamabila, au anayesukuma baiskeli kutoka Kasongo hadi Kindu, hatafuni kwa starehe. Asipotafuna hafiki, na asipofika watoto wake hawali. Kumhubiria kipimo mtu wa namna hii peke yake ni kumbebesha mzigo wa pili. Lakini dharura haifuti madhara, bali huhamisha lawama. Tunapouliza ni kwa faida ya nani mwili huu hauruhusiwi kulala, hukumu inamfikia pia tajiri anayepanga zamu zisizo na mapumziko na mnunuzi anayelipa bei isiyomwachia mtu siku ya kupumzika. Kwa hiyo shehe au mganga anayeulizwa juu ya kola asijibu kabla hajauliza: wewe ni nani, una mimba au shinikizo la damu, unatafuna kiasi gani, unameza dawa zipi, na nani anakukesheza? Fatuwa inayoyapita maswali hayo itakuwa imeitazama kola na kumsahau mtu.